Naitwa Tong Po, na juzi nimemlilia Van Damme

Tantine,

Pokea salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 46, nina mke na watoto wanne, kazi yangu ni kutengeneza televisheni. Shida yangu ukiisikia utacheka. Cheka, lakini ukimaliza unijibu, maana usingizi umenipungua.

Mimi simpendi Jean-Claude Van Damme. Na si kutompenda kwa juujuu. Mtaani wanajua: huyu fundi ni mtu wa timu ya Lupopo, chai hanywi bila tangawizi, na Van Damme hataki hata kumsikia.

Ilianza mwaka 1991, nikiwa na miaka 12. Kwetu kulikuwa na nyumba moja ya video: chumba cha matofali, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na nje jenereta inayonguruma hadi maneno ya filamu mnayakisia. Ikaletwa kaseti ya Kickboxer. Kama hukuiona, kisa ni hiki: Mmarekani mmoja anavunjwa mgongo ulingoni huko Thailand na bondia aitwaye Tong Po, kisha mdogo wake, ambaye ndiye Van Damme, anajifunza mateke ya Kithai ili amlipizie. Tong Po amenyolewa kichwa, kimebaki kishungi kirefu kisogoni. Mara ya kwanza unapomwona, anapiga mateke nguzo ya jengo mpaka vumbi la plasta linamwagika kutoka darini.

Wiki ileile mama alikuwa amenyoa kichwa changu kwa sababu ya mapunye. Umeshaona tunakoelekea. Watoto wa avenyu walinitazama, mmoja akasema, "Weye njo Tong Po." Wakatafuta kamba na kipande cha mpira wa baiskeli, wakanifunga kichwani, mpira ukaning'inia kisogoni. Toka hapo kila jioni walikuwepo akina Van Damme sita au saba, na Tong Po mmoja. Kwenye filamu Tong Po anapigwa mwishoni tu. Mimi nilipigwa kiangazi kizima. Kijana mmoja mwenye miguu mirefu ndiye alikuwa Van Damme mkuu, na aliniondolea jino la mbele kwa teke la kuzunguka.

Jina likanata. Baadaye likafupishwa, likawa TP, na hapa Lubumbashi ukiitwa TP kila mtu anajua ni TP Mazembe, mahasimu wetu wa mpira. Mimi, mtoto wa Lupopo! Mazembe ikishinda, wateja wananipa mkono.

Yule wa miguu mirefu leo ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Jumapili anakula kwetu, na bukari, yaani ugali, haipoi kabla Van Damme hajatajwa. Anatoa simu, anatuonyesha lile tangazo la 2013 ambamo malori mawili ya Volvo yanarudi nyuma huku Van Damme amepiga msamba katikati, kila mguu kwenye kioo cha lori. Nami nasema lilelile la siku zote: huyo Mbelgiji ni mtu wa sarakasi, kuigiza hajui. Marehemu baba, aliyezeekea kampuni ya madini ya Gécamines, aliniachia silaha moja naitumia hadi leo: "Mimi Wabelgiji nimewaona bure maisha yangu yote, nyinyi mnalipa ili muwaone."

Basi mwezi uliopita mteja mmoja akaleta televisheni yake. Ikishika joto, inatoa mstari wima upande wa kulia. Nikafungua, nikasafisha ule utepe wa waya unaoingia kwenye kioo, nikafunga. Televisheni ya ugonjwa huo humrudishii mwenyewe kabla hujaiacha iwake saa mbili mfululizo, huku unaipapasa mgongoni usikie joto. Mteja alikuwa amesahau kle yake ya USB nyuma. Nikabonyeza filamu ya kwanza niliyoikuta, jina lake herufi nne tu, JCVD. Sikuzifikiria zile herufi. Sura ilipotokea, mkono ulikwenda kwenye rimoti wenyewe. Halafu nikajiambia: acha, mimi naangalia mstari, simwangalii mtu.

Tantine, hiyo filamu ni ya mwaka 2008, na ndani yake Van Damme anajiigiza mwenyewe. Ni mwigizaji aliyechoka, kazi zinampita, pesa ya wakili hana. Mwanzoni kabisa anapigana mfululizo, picha haikatwi, na akimaliza anamwendea mwongozaji akihema, anamwambia ana miaka 47, kufanya yote hayo kwa mkupuo mmoja ni vigumu. Mwongozaji hana habari naye. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya televisheni, goti langu la kushoto linaniuma, nikacheka peke yangu.

Halafu mahakamani. Wanagombania malezi ya binti. Wakili wa upande wa mama anatoa DVD zake moja baada ya nyingine mbele ya hakimu, anasoma jinsi anavyowaua watu ndani ya kila moja. Akaulizwa binti. Binti akasema baba yake akionekana kwenye televisheni, wenzake wanamcheka. Mwaka huu binti yangu wa miaka 13 alirudi shule, akaweka begi chini, akaniuliza: "Papa, ni kweli weye unaitwa Tong Po?" Nikamwambia ni mambo ya zamani, nikaendelea na kazi.

Kisha anaingia posta kuchukua pesa aliyotumiwa, anakuta majambazi wameshawateka watu. Katikati ya mkasa huo kiti alichokalia kinainuka, kinapanda, unaziona taa za studio, anageuka anakutazama wewe na kuanza kusema. Dakika kama sita, bila kukata. Anasema madawa ya kulevya, wanawake, umaarufu. Machozi yanamtoka. Mimi nina bisibisi mkononi, nikashtuka uso umelowa.

Kiti kilipokuwa kimeshuka, umeme ukakatika. Kesho yake mteja akachukua televisheni na kle yake. Mwisho wa filamu siujui! Na hapa sokoni Katuba wanaopakia filamu wote wananifahamu. Nikimwomba mmoja Van Damme, kabla sijafika nyumbani shemeji atakuwa amepigiwa simu.

Nakuuliza: nimekuwa mnafiki? Nikayafute maneno ya miaka zaidi ya 30 mbele ya mtu aliyening'oa jino? Au ni uzee tu umeanza kunilegeza?

Fundi wa Katuba

*

Fundi wangu,

Pale pa mapunye nimecheka, sikufichi. Pa jino sikucheka, na nitaparudia.

Mnafiki ni mtu aliyependa akadai hapendi. Wewe hukuwa umemwona bado. Usiruke, ngoja nieleze. Filamu nyingi za Marekani tulizoziona enzi hizo zilitufikia zimetiwa Kifaransa studio, na maneno ya Van Damme yalisemwa na waigizaji wengine. Mtoto wa Bruxelles, Kifaransa amekua nacho, lakini kwenye kaseti alisemewa. Ongeza ile jenereta yenu. Kwa hiyo mwaka 1991 ulichokutana nacho ni miguu yake, sauti ya mtu mwingine, na watoto sita wa avenyu yenu waliokuwa wakimwiga juu ya mwili wako. Hukumu yako ilikuwa ya wale sita. Iliwastahili.

Juzi ndiyo mara ya kwanza umemsikia. Kile Kifaransa kinachokwama, kinachokopa Kiingereza njiani na kuendelea, ndicho chake. Ujue kwamba Wafaransa na Wabelgiji wenzake walimcheka miaka mingi kwa kuongea hivyo kwenye televisheni. Neno lake moja la Kiingereza, "aware", likawa utani wa nchi nzima. Sisi tunaoanza sentensi kwa Kiswahili, tunaipitisha kwenye Kifaransa na kuimalizia kwa Kibemba, tungekuwa watu wa mwisho kumcheka. Mimi nadhani hilo limekugusa kuliko unavyodhani. Mtu anayetafuta neno na halipati anafanana na sisi sote mbele ya ofisi yoyote.

Lakini usinifutie kila kitu. Kabla ya kukujibu nimeirudia Kickboxer, na fundi, kuna mahali ulikuwa na haki. Pale anapotakiwa kumhuzunikia kaka yake hospitalini, anakunja uso kama aliyekanyaga msumari. Ukisema hapo haigizi, nitatoa ushahidi upande wako. Lakini hebu muangalie kwenye baa, amelewa, anacheza dansi na wasichana wawili. Mwili ule una furaha ambayo uso wake haujui pa kuiweka. Huyu alipokuwa kijana alisomea balé miaka kama mitano, pamoja na karate. Kitu hicho kilikuwepo siku zote. Watoto wenu wangeiga dansi badala ya teke, jino lako lingekuwa mahali pake.

Sasa machozi. Nakuonya kidogo, kwa sababu wewe ni mtu wa kufungua vitu ndani. Lile si ungamo la kanisani. Mwongozaji, Mabrouk El Mechri, alimpandisha kiti, akakuonyesha taa makusudi ili uamini kwamba mchezo umesimama, na mchezo ulikuwa haujasimama hata kidogo. Nasema hivi si kukupokonya machozi yako. Kwenye kilio kuna mama anayejua kuimba, anaanzisha wimbo, palisele, yaani kiwanja, nzima inalia, na yeye akishamaliza anakwenda kuulizia chakula cha wapishi. Hakutudanganya. Waliomfuata Mufwankolo na kundi lake la maigizo, kwenye redio na televisheni ya hapa, watakuambia jambo hilohilo: wale hawakushika karatasi, walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kila mmoja akaja na maneno yake. Mtu akilia humo ni mchezo na ni yeye. Ukitaka kuvitenga hivyo viwili, bisibisi yako haina ncha hiyo.

Kwa hiyo usije ukaniandikia mwezi ujao kwamba sasa wamjua kuwa mtu mwema. Hatujui. Tunajua kwamba safari hii alifanya kazi yake vizuri sana, na wewe, ambaye kazi mbaya unaitambua kwa kuipapasa mgongoni, ukaitambua.

Kuhusu uzee: amesema ana miaka 47, wewe una 46. Mwaka 1991 ulikuwa mtoto wa miaka 12 unamwangalia mwanaume aliyekomaa misuli. Juzi mmekutana mkiwa rika, na goti lako lilikuwa limeshakuambia.

Nina zawadi yako hapa, na nashangaa hakuna aliyekupa miaka yote hii. Unajua Tong Po alikuwa nani? Chini ya ile rangi na kile kishungi kulikuwa na Michel Qissi. Amezaliwa Oujda, Morocco, akakulia Bruxelles, na ni rafiki wa Van Damme tangu utotoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliondoka pamoja kwenda Marekani kutafuta kazi ya filamu, kipindi ambacho Van Damme alikuwa akifanya vibarua vya kupeleka pizza. Filamu ilipopatikana na ikahitaji mtu wa kuogopwa na kupigwa, nafasi ikaenda kwa rafiki. Teke lote lile unalolikumbuka, anayelipokea ni mtu aliyesafiri naye. Bila Qissi kujua kuanguka, Van Damme angekuwa mwanaume anayepiga hewa kwa suruali fupi. Sijui kama jambo hili litakupunguzia chochote. Mimi nilipolijua nilikaa nikaliwaza, na nilikuwa hata sina jino lililopotea.

Tuje kwa binti, ambaye kwangu ndiye barua yenyewe. Alikuuliza swali, ukamjibu "mambo ya zamani". Lakini mtoto wa miaka 13 hafiki nyumbani na swali kama hilo bila mtu kumrushia kwanza. Mwite. Mwambie kisa chote: kaseti, mapunye, mpira wa baiskeli, mpaka Mazembe. Ni kisa kizuri, nimekisoma mara tatu. Mchekeshe nacho kabla wenzake hawajamchekea nacho. Halafu umuulize ni nani aliyemwambia, na alimwambiaje, unyamaze usikie. Pengo mwonyeshe pia, asidhani ulizaliwa nalo.

Shemeji sasa. Hapo una faili mbili na umezibana kwa klipu moja. Faili ya kwanza inasema: Van Damme anajua kuigiza au hajui? Hiyo ni ya mezani, ya Jumapili, ya kubishana mdomo ukiwa na bukari. Faili ya pili inasema: mwaka 1991 ulining'oa jino, ukacheka, dada yako nikamwoa mimi, na hadi leo hujasema pole. Hiyo haina Mbelgiji ndani. Miaka yote umemtuma Van Damme akupelekee malalamiko yako kwa shemeji, na yeye hakuyafikisha hata siku moja, atayafikishaje? Kamwambie mwenyewe, mkiwa wawili, mbali na watoto na mbali na chupa. Sentensi moja inatosha: "Bo, lile jino, hukuniombaka radhi." Mwache ahangaike nayo. Akicheka, mwache acheke amalize, halafu usiseme kitu kingine. Watu wengi hucheka kwanza. Na kama hata baada ya hapo hakuna pole, angalau utakuwa umeidai kwa mwenye deni.

Ya Van Damme isitolewe hotuba. Hakuna mtu anayesimama mezani kutangaza kwamba amebadili mawazo kuhusu mcheza filamu, hata kama amebadili. Tafuta hiyo filamu, ichomeke Jumapili baada ya chakula, keti. Nakuahidi utaona kitu. Shemeji wako anapenda mateke. Ndani ya JCVD mateke ni ya kuhesabu, kilichojaa ni mwanaume mwenye macho mekundu amekwama posta. Baada ya nusu saa atauliza, "Sasa anapigana saa ngapi?" Kile kiti kikipanda, atachukua simu yake kurudi kwenye malori. Uwezekano mkubwa ni kwamba yeye ndiye atakayesema huyu leo haigizi vizuri, na wewe, TP wa Katuba, utajikuta unamtetea Van Damme mbele ya Van Damme mkuu wa avenyu. Natamani ningekuwepo. Mkeo akicheka, mwache, yeye amewavumilia wote wawili.

Mwisho wa filamu sikuambii, hata ukiniandikia tena.

Ya kupakia: usimtume binti, hiyo ni shida yako. Kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapahapa Lubumbashi, hakuna anayekujua. Nenda asubuhi mapema kabla msongamano haujaanza, chukua kle yako mwenyewe, na uombe filamu kwa jina lake, herufi nne, ya mwaka 2008, maana ukisema "Van Damme" tu watakujazia kle nzima. Hakikisha ni ya Kifaransa, sauti yake mwenyewe. Na vaa kofia ya Lupopo, ile ya njano na buluu, ili mtu akikuita TP ukiwa njiani kila anayesikia ajue ameita mtu mwingine.

Tantine